Shangazi, Kimeng'enya na Kikaango cha Vitumbua

Vidonge nilivikuta ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la vyombo, nikiwa natafuta chumvi. Nilivimwaga mezani nikahesabu. 112. Kila kimoja cha miligramu 400, na kila kimoja kilipaswa kuwa kimeshamezwa asubuhi fulani iliyopita, baada ya chai, kwa glasi kubwa ya maji. Shangazi akaingia kutoka uani, mikono imejaa unga, akanikuta nimesimama mbele ya ule mrundo. Hata hakushtuka.

"Hiyo akiba," akasema. "Usinichanganyie."

Shangazi yangu si mzembe. Naanza na hilo kwa sababu najua watu wanavyowaongelea wagonjwa walioacha dawa: eti hawajasoma, eti wamekimbilia kwa waganga. Huyu amekaanga vitumbua Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, na ukimpa kilo ya mchele atakuambia vitatoka vingapi na faida itakuwa shilingi ngapi kabla hata mchele haujalowekwa. Mtu wa hivyo haachi dawa kwa kusahau. Aliacha kwa hesabu. Na hesabu yenyewe, nikiifuatilia hadi mwanzo, niliianzisha mimi.

Ugonjwa ulikuja polepole. Uchovu, jasho la usiku linalolowesha shuka, na tumbo kujaa baada ya matonge mawili tu ya ugali. Alitibiwa malaria mara mbili. Kisha mtu akamgusa ubavu wa kushoto, akasema bandama limevimba, na huku kwetu bandama likivimba kila mtu anajua ni homa za siku nyingi, kwa hiyo akatibiwa malaria mara ya tatu. Mwisho damu ikapimwa kwa mashine. Seli nyeupe, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi kwa kila mikrolita ya damu, kwake zilipita 200,000. Akaletwa Dar es Salaam, kwangu.

Daktari alizungumza Kiswahili, na kizuri tu. Ila unajua Kiswahili cha kliniki kilivyo: vitenzi ni vyetu, nomino ni za Wazungu. "Mama, tumekuta una hiki, kinasababishwa na kile, tutakuanzishia hii, utakuwa unameza kila siku." Hiki, kile na hii zote zilikuwa kwa Kiingereza, na mbili kati yake zilikuwa herufi tupu. Shangazi aliitikia kwa kichwa hadi mwisho. Tulipotoka na kukaa kwenye benchi la nje akanigeukia.

"Amesema nini?"

Mimi nakula kwa maneno. Kazi yangu ni kuhariri tafsiri za watu wengine. Nimeshawahi kugombana na mtu wiki nzima kwa ajili ya kihusishi kimoja. Pale kwenye benchi, nikiwa nimechoka, nimeogopa, nataka tu uso ule utulie, nikasema: "Una wadudu kwenye damu, shangazi. Hii dawa inawaua."

Uso ukatulia kweli. Baada ya miezi mitatu seli nyeupe zilikuwa 6,000 na bandama limerudi mahali pake. Akaniuliza kwenye simu, "Kwa hiyo wamekufa?" Nikasema, "Wamekufa, shangazi."

Sasa fikiria kama yeye. Adui amekufa. Risasi unazo, unaletewa bure kwa mpango wa msaada ambao hakuna anayejua utakoma lini. Nani mwenye akili atakayeendelea kupiga risasi maiti kila asubuhi? Utaziweka mahali pakavu, usubiri adui akirudi. Siku ya kipimo akasema ana mafua, tukaahirisha. Mimi nikawa namchukulia dawa Dar na kumtumia kwa basi, naye akawa anaijaza kopo.

Wiki ile, baada ya kuliona lile kopo, nilianza kusoma. Ninachokisimulia hapa ni kile nilichopaswa kumwambia pale kwenye benchi, na nakiri kwamba baadhi yake kilinisisimua kwa namna isiyolingana na hali tuliyokuwa nayo.

Kwanza, hakuna wadudu. Hakuna aliyeingia kutoka nje. Kilichoharibika ni kimeng'enya, tena cha kwake mwenyewe.

Neno lenyewe ndilo lililonikwamisha mwanzo. Sisi tuliosoma kwa Kiswahili shuleni tulilijua kwenye mmeng'enyo wa chakula: mate, wanga, tumbo. Kimeng'enya ni kidude kinachomeng'enya, kinachovunjavunja. Ni neno zuri kwa tumbo. Lakini ndani ya seli vimo vimeng'enya zaidi ya 500 vya jamii moja tu, wanasayansi huviita kinasi, ambavyo havimeng'enyi kitu. Kazi yao ni kubandika. Vinachukua kipande kidogo cha fosfeti kutoka kwenye molekuli iitwayo ATP, ileile inayobeba nishati mwilini, na kukibandika juu ya protini nyingine. Kipande kile kina chaji ya umeme, kwa hiyo protini iliyobandikwa hubadilika umbo: iliyokunjana inakunjuka, iliyolala inaamka. Nayo ikiamka pengine inakwenda kubandika nyingine. Hivyo ndivyo taarifa inavyosafiri, kutoka ngozi ya seli hadi kwenye kiini chake: gawanyika, acha kugawanyika, kaa, kufa.

Na kuna vimeng'enya vingine, fosfatasi, ambavyo kazi yao ni kukibandua kile kilichobandikwa.

Hapo nilisimama nikacheka peke yangu, saa nane usiku. Bandika, bandua! Kiswahili kina kile kiambishi cha kutengua, funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tunakitumia kutwa bila kukifikiria. Na maisha yote ya seli, nikikisoma kile kitabu cha Kiingereza chenye kurasa nyingi kuliko uvumilivu wangu, ni hicho tu. Bandika bandua, bandika bandua, maelfu ya mara, bila kupumzika. Afya haiko kwenye kubandika wala kwenye kubandua. Iko kwenye uwiano wa hivyo viwili.

Waliokuwa wa kwanza kuliona hili vizuri walikuwa Edmond Fischer na Edwin Krebs, mjini Seattle, Marekani, katikati ya miaka ya 1950. Walikuwa wakichunguza misuli ya sungura, kimeng'enya kinachotoa sukari iliyohifadhiwa pale msuli unapohitaji nguvu. Wakagundua kinawashwa kwa kubandikwa fosfeti na kuzimwa kwa kubanduliwa. Tuzo ya Nobel walipewa mwaka 1992, karibu miaka arobaini baadaye, wakiwa wazee. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwamba jambo dogo la sungura lingekuwa jambo la karibu kila kitu.

Kisa ninachokipenda zaidi lakini ni cha Tony Hunter, mwaka 1979, huko California. Fosfeti ilijulikana kubandikwa mahali pa aina mbili kwenye protini. Hunter alikuwa akitenganisha vipande vya protini kwa umeme ndani ya kimiminika cha maabara, na kimiminika alichotumia kilikuwa kimezeeka. Uasidi wake ulikuwa umebadilika kidogo. Angetengeneza kipya, kama inavyopaswa, doa moja lingefunikwa na jingine na asingeona kitu. Kwa sababu kilikuwa kimechacha, madoa yakaachana, na kati yake likatokea la tatu: fosfeti iliyobandikwa juu ya tairosini. Katika seli ya kawaida fosfeti ya namna hiyo ni chini ya moja katika elfu. Ni kidogo mno, lakini ndiyo inayobeba amri nyingi za seli kukua na kugawanyika. Nimefanya kazi na wahariri ambao wangemfukuza mtu kwa kimiminika kile.

Sasa, kimeng'enya cha shangazi kinaitwa ABL. Sote tunacho. Ni kinasi ya tairosini, na kwa mtu mzima wa afya muda mwingi kimejikunja: mkia wake wa mbele, kama kilemba kilichochomekwa, unakizuia kisifanye kazi mpaka kiitwe. Kikiitwa kinakunjuka, kinabandika kinachotakiwa, kinajikunja tena. Ni kama bawabu mstaarabu.

Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford walitazama seli za wagonjwa wa aina hii ya saratani ya damu, lukemia sugu ya mieloidi, wakaona kromosomu moja fupi kuliko inavyopaswa. Ikapewa jina la mji wao, Philadelphia. Miaka 13 ikapita kabla mtu hajajua kipande kilichopotea kimekwenda wapi. Aliyekipata ni Janet Rowley wa Chicago, ambaye alikuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi kwenye meza ya chakula nyumbani kwake, watoto wake wakimtania kwamba anachezea wanasesere wa karatasi. Kipande hakikupotea. Kromosomu namba 9 na namba 22 zilikuwa zimekatika na kubadilishana ncha. Mahali zilipoungana, jeni ya ABL ilikuwa imeshonewa kwenye jeni nyingine, BCR, kama kanzu iliyoshonewa mguu wa suruali.

Mshono huo unafanya mambo mawili. Ule mkia unaokunja ABL unakatwa. Na kipande cha BCR kinapenda kushikana na wenzake, kwa hiyo vimeng'enya hivi vinakusanyika vinne vinne na kuwashana vyenyewe kwa vyenyewe. Bawabu hangoji tena kuitwa. Anabandika, anabandika, anabandika. Wabanduaji wapo, hawajagoma, ila wamezidiwa. Seli inasikia usiku na mchana amri ambayo hakuna aliyeitoa: gawanyika.

Ndiyo hiyo 200,000.

Na dawa? Imatinibu, ambayo wengi waliijua kwanza kwa jina la Glivec. Wataalamu wengi walidhani haiwezekani. Kila kinasi ina kishimo ambamo ATP hukaa wakati wa kubandika, na kwa kuwa zote zinatumia ATP ileile, vishimo vyao vinafanana. Ukiziba kimoja utaziba vyote, utaua mgonjwa. Nicholas Lydon na wenzake katika kampuni ya dawa ya Uswisi, pamoja na daktari Brian Druker wa Oregon, wakaendelea. Majaribio kwa wagonjwa yalianza mwaka 1998. Kati ya wagonjwa 54 wa hatua ya kwanza ya ugonjwa waliopewa dozi ya kutosha, damu ya 53 ilirudi kwenye hali ya kawaida. Mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha kidonge.

Siri yake ndiyo iliyoniliza, na sijui kwa nini, labda ni ule usiku. Imatinibu haishindani na kimeng'enya kikiwa kimesimama. Inakingoja. Hata kile kilichoharibika kina dakika zake za kujikunja, na kikijikunja, kishimo chake huchukua umbo ambalo ni tofauti na la jamaa zake wengi. Hapo ndipo kidonge kinapoingia na kukaa. Hakikiui kimeng'enya. Kinakishika kikiwa kimepumzika, na kukizuia kisiamke. ATP ikija inakuta pamejaa.

Kisha figo na ini zinaendelea na kazi zake, na baada ya saa 18 hivi nusu ya dawa imeshaondoka kwenye damu. Ndiyo maana ni kila siku. Seli nyingi zilizozoea ile amri ya uongo hufa zikiikosa, lakini chache za asili, zilizojificha ndani ya uboho, haziitegemei kiasi hicho. Hizo zinabaki na mshono wao. Zinaweza kungoja.

Mwaka 1978 Susan Sontag, aliyekuwa ametoka kuugua saratani, alichapisha kitabu akilalamika kwamba saratani imevikwa lugha ya vita: uvamizi, adui, mashambulizi. Alitaka ugonjwa uvuliwe sitiari zote, ubaki ugonjwa. Nilimsoma nikiwa chuoni na nikakubaliana naye kwa moyo wote, kama unavyokubaliana na watu ukiwa na miaka 22 na kila mtu nyumbani ni mzima. Sasa nakubaliana naye nusu. Kuhusu vita ana haki; vita ndivyo vilivyojaza lile kopo. Lakini siwezi kumwambia shangazi "una kinasi ya tairosini isiyojizuia" na kudai nimemvua sitiari. Nitakuwa nimemnyang'anya maneno tu. Alichohitaji ni mfano unaofanya kazi kama dawa inavyofanya kazi, yaani mfano ambao ukiupigia hesabu, kwa akili zake zile za kilo ya mchele, unakupeleka kwenye kumeza kidonge kesho.

Basi nikarudi Tanga Ijumaa iliyofuata. Nilikuwa nimeandaa mifano mingi: geti, kitasa, swichi ya taa iliyonasa. Nikamkuta uani, kikaango kimebandikwa. Cha chuma, cha vishimo saba, cheusi kwa umri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa, usisimame kama mdai."

Nikakaa. Nikaanza kwa kukiri. Nikamwambia, nilikudanganya, hakuna wadudu. Akaendelea kumimina unga kwenye vishimo. Nikamwambia kuna kitu mwilini mwako kazi yake ni kubandika, na kingine kazi yake ni kubandua, na kwako kile cha kubandika hakisikii tena neno la mtu. Akageuza kitumbua cha kwanza. Nikamwambia kina kishimo, na kila kikitaka kubandika lazima kitu fulani kikae kwenye kishimo. Hapo mkono wake ukasimama hewani na ule ujiti.

"Kama hivi?"

"Kama hivyo."

"Na kidonge?"

"Kidonge kinakaa humo."

Alifikiri kidogo. "Kama jiwe. Nikiweka jiwe kwenye shimo, unga hauingii."

"Hauingii."

"Lakini kikaango kipo."

"Kipo, shangazi."

"Na moto upo." Akavigeuza vilivyobaki kimyakimya. Kisha, bila kuniangalia: "Na jiwe lenyewe linayeyuka."

Hilo sikumfundisha. Nilikuwa bado sijalifikia. Nikasema ndiyo, kila siku linayeyuka, nusu yake na zaidi, mpaka asubuhi. Akaepua kikaango, akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani. Nikamsikia akivuta kiti, nikasikia kopo. Alirudi na glasi ya maji imejaa hadi juu na akameza mbele yangu, akinitazama kwa jicho ambalo si la shukrani.

"Miezi yote hiyo," akasema, "ulikuwa unaniona siwezi kuelewa?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Tuliporudi kliniki seli nyeupe zilikuwa 61,000. Daktari hakugomba, aliandika tu, na huko kuandika kukawa kubaya kuliko kugombwa. Kulikuwa na hofu nyingine pia, ambayo safari hii niliomba nielezwe kwa urefu. Seli zikiendelea kugawanyika bila kuzuiwa, makosa mapya yanaweza kutokea kwenye jeni ya kimeng'enya. Kuna moja mashuhuri, kwenye nafasi ya 315 ya protini, mdomoni kabisa mwa kishimo: asidi amino moja inabadilishwa na nyingine iliyo nene kidogo, na imatinibu haiwezi tena kupenya. Zipo dawa nyingine kwa hali hiyo, ila hazipatikani kirahisi. Tukasubiri tuone kama kidonge kilekile kitafanya kazi tena.

Kilifanya. Kipimo cha BCR-ABL chenyewe hufanywa siku hizi hata na mashine ndogo ileile inayotumika kupima kifua kikuu, na baada ya miezi kadhaa namba ilianza kushuka, kwanza kwa uvivu, halafu kwa haraka. Kope zake zinavimba asubuhi na misuli ya miguu inambana usiku. Hayo ni mambo ya dawa, ameyazoea, au anasema ameyazoea. Kopo la maziwa limerudi kuwa la chumvi.

Mwezi uliopita, kliniki, daktari alifurahi na majibu. Akasema, kwa ule mchanganyiko wake wa lugha, kwamba namba zikikaa chini kabisa kwa miaka kadhaa wapo wagonjwa wanaoachishwa dawa kwa uangalizi wa karibu, wakipimwa mara kwa mara, na kwamba karibu nusu yao ugonjwa hurudi, wengi ndani ya miezi sita ya mwanzo, na wakianza tena dawa kwa kawaida hutulia. Aliyasema yote hayo kwa mkupuo mmoja, akiwa anatafuta kalamu.

Shangazi akanigusa goti.

"Amesema nini?"

"Subiri kidogo, shangazi," nikasema, na nikamwomba daktari arudie tangu mwanzo.